Enter the Dragon: Ubishi usiokwisha wa mashabiki wa ‘Mwisho wa Reli’

ENTER the Dragon ni filamu ya kung fu iliyotengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa mwaka 1973 na kuanza kuonyeshwa Marekani Agosti mwaka huo. Mwongozaji wake ni Robert Clouse na stelingi wake ni Bruce Lee, ambaye alifariki dunia Julai 20, 1973 akiwa na umri wa miaka 32, wiki chache tu kabla ya picha hiyo kufika kumbini. Zaidi ya nusu karne imepita, lakini katika miji ya Tanzania bado ni miongoni mwa picha chache za kigeni ambazo baba na mwana wanaweza kubishana juu yake, kila mmoja akiwa ameiona.

Kwa wasioifahamu, kisa chenyewe si kirefu. Lee, mwanafunzi wa hekalu la Shaolin, anaombwa na ofisa wa upelelezi wa Uingereza aende katika kisiwa cha tajiri aitwaye Han, ambako hufanyika mashindano ya mapigano kila baada ya miaka mitatu. Mashindano hayo ni kiini macho. Nyuma yake kuna biashara ya dawa za kulevya na ya wanawake. Lee ana deni lake binafsi pia, kwani dada yake alijiua ili asikamatwe na watu wa Han wakiongozwa na O’Hara. Wamarekani wawili, Roper na Williams, wamo katika boti moja naye. Mengine ni ngumi na mateke.

Picha za aina hiyo ziliingia Tanzania wakati biashara ya kuagiza na kusambaza filamu ikiwa chini ya Kampuni ya Filamu Tanzania (TFC), shirika la umma lililoundwa mwaka 1968. Jijini Dar es Salaam zilijaza kumbi kama Empire, Avalon na Odeon, na vijana wakatoka humo wakirusha mateke barabarani. Ikumbukwe kuwa miaka hiyo hiyo, kati ya 1970 na 1975, maelfu ya Wachina walikuwa nchini wakijenga reli ya TAZARA. Mtazamaji wa kawaida hakuona sababu ya kutenganisha Mchina wa reli na Mchina wa sinema, ingawa picha za Bruce Lee hazikutoka Beijing bali Hong Kong, koloni la Mwingereza hadi mwaka 1997.

Kigoma iko umbali wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam kwa reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914 na kuupa mji jina la utani la Mwisho wa Reli. Mtu wa Kigoma alizoea kupata vitu vya mjini baada ya wenzake. Tanzania Bara yenyewe haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitegemea jenereta za mafuta badala ya gridi ya taifa. Kwa hiyo wengi wa rika la kati katika mitaa ya Mwanga, Gungu, Katonga na Ujiji hawakukutana na Bruce Lee katika ukumbi wa sinema, bali katika banda la video: mabenchi ya mbao, deki moja, kaseti iliyochoka na mlio wa jenereta nje. Wavuvi wa dagaa, ambao hufanya kazi usiku kwa taa, hupumzika nchi kavu wakati wa mbalamwezi. Banda la video halikuhitaji tangazo siku hizo.

Jambo moja linaufanya mwambao huu uwe tofauti na Dar es Salaam au Tanga. Ng’ambo ya ziwa na kaskazini yake ni Kongo na Burundi, nchi za Kifaransa, na kwa Kifaransa picha hii inaitwa Opération Dragon. Aliyekulia Uvira, Kalemie au Bujumbura huenda akaifahamu kwa jina hilo tu. Si ajabu, basi, wawili wakabishana saa nzima juu ya picha mbili, hadi mmoja ataje chumba cha vioo ndipo wagundue kuwa ni moja.

Ubishi mkubwa kuliko wote ni kama hii ndiyo picha bora ya Bruce Lee. Wanaoitetea hutaja ukubwa wake: vita vya uani, pango la chini ya ardhi, muziki wa Lalo Schifrin. Wapinzani wao husimama na Fist of Fury ya mwaka 1972, ambamo Lee analipa kisasi cha mwalimu wake dhidi ya Wajapani waliojifanya wakubwa katika nchi ya Wachina. Hoja yao haipuuziki. Kizazi kilichokuwa kikifundishwa shuleni habari za ukombozi wa bara la Afrika kilimwelewa upesi mtu anayevunja kwa teke kibao cha kuwadhalilisha wenyeji. Katika Enter the Dragon mtu huyo huyo anatumwa na Mwingereza. Wapo wanaoona hapo ndipo Hollywood ilipomfuga, na wapo wanaojibu kwamba Lee hakwenda kisiwani kwa ajili ya Mwingereza bali kwa ajili ya dada yake. Filamu yenyewe inaacha nafasi kwa majibu yote mawili.

Watu wa Hong Kong walipiga kura yao kwa tiketi. Huko Enter the Dragon iliingiza takriban dola za Hong Kong milioni 3.3, wakati The Way of the Dragon ya mwaka 1972, ile ambayo Lee anapambana na Chuck Norris jijini Roma, ilipata takriban milioni 5.3. Umaarufu mkubwa wa Enter the Dragon ulijengwa nje ya nyumbani kwake, na mwaka 2004 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Ubishi wa pili unamhusu Williams. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Jim Kelly, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa karate kweli kabla ya kuingia katika filamu, na aliyepata nafasi hiyo baada ya mwigizaji wa awali, Rockne Tarkington, kujitoa. Kwa vijana wa Kiafrika waliozoea kumwona mtu mweusi wa sinema akibeba mizigo ya wazungu, kijana huyu mwenye nywele za afro, majibu ya mkato na teke safi alikuwa kitu kipya kabisa. Halafu Han anamuua, wakati Roper, mzungu mcheza kamari, anasalimika hadi mwisho. Watetezi wa picha husema ni lazima mmoja afe ili hasira ya watazamaji ipande, na hilo ni kweli. Lakini swali la kwa nini awe yeye halijawahi kupata jibu la kuridhisha, na wanaoliuliza wana haki ya kuliuliza. Kelly aliishi hadi Juni 2013.

Ubishi wa vioo ni wa aina nyingine, kwani chanzo chake ni nakala. Mwishoni Lee anamfuata Han, mwenye mkono wa bandia wa makucha ya chuma, katika chumba kilichojaa vioo, na anaanza kuvivunja. Wazee husema alibuni papo hapo. Vijana husema alikumbuka mafundisho ya mwalimu wake kwamba adui hana ila taswira. Mazungumzo ya Lee na mwalimu huyo yaliondolewa katika toleo la awali lililosambazwa kimataifa, yakarudishwa katika toleo la mwaka 1998. Kila upande unasema kweli kuhusu picha uliyoiona.

Ipo pia kanuni ya mabanda ya video kwamba stelingi hafi. Kifo cha Bruce Lee mwenyewe kiliivunja vibaya, na kwa miaka mingi walikuwapo walioapa kuwa amejificha. Taarifa ya kitabibu ilitaja uvimbe wa ubongo. Wafanyabiashara wa filamu hawakusaidia: Game of Death ilikamilishwa mwaka 1978 kwa kutumia watu wanaofanana naye, na wakaibuka waigizaji waliojiita Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee. Kaseti yenye kava lililofifia haikutosha kumtambua nani ni nani.

Kisha kuna tafsiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu Dar es Salaam kwa kuzitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili, akisimulia, akitania na kueleza yasiyosemwa. Kenya inaye DJ Afro, na Uganda ina watu wa kazi hiyo waitwao VJ. Wapenda picha halisi hulalamika kwamba mtafsiri anafunika ukimya, na katika Enter the Dragon ukimya wa Lee kabla ya kumpiga O’Hara ni nusu ya pigo lenyewe. Hata hivyo, kaseti ya Kiingereza katika banda la Ujiji iliwaacha wengi wakifuata mikono tu. Bila mtafsiri, wangapi wangejua kwamba mpinzani huyo ndiye aliyesababisha kifo cha dada?

Watazamaji wa sasa, wenye simu na kitufe cha kusimamisha, wamejiongezea mchezo mwingine. Katika mapigano ya pangoni, mmoja wa walinzi wanaomvamia Lee anakamatwa nywele na kuvunjwa shingo ndani ya sekunde chache. Mlinzi huyo ni Jackie Chan, wakati huo kijana asiyejulikana wa kazi za hatari. Ukisimamisha upesi, uso wake unaonekana.