Mama wa Metali ni Udongo

Mtu akimwendea mnajimu wa Kichina, au akiingiza tarehe yake ya kuzaliwa katika mojawapo ya programu za simu zinazofanya kazi hiyo bure, anaweza kuambiwa kwamba amepungukiwa metali. Tiba yake ni ya nyumbani. Avae nyeupe, kijivu na rangi ya dhahabu. Avae bangili ya fedha au saa ya chuma. Meza yake ya kazi aielekeze magharibi. Ale vyakula vyeupe na vyenye ukali: figili, peasi, kitunguu, tangawizi. Apunguze makorokoro chumbani, alale mapema, avute pumzi kwa utulivu. Akidumu hivyo, metali yake itaimarika, na pamoja nayo msimamo, nidhamu na uwezo wa kukata shauri.

Ninasoma historia katika shahada ya uzamili, na ushauri wa namna hii ukinifikia, jambo la kwanza ninalotaka kujua si kama ni kweli. Nataka kujua nani aliambiwa hivi kabla yetu, na alikuwa na shida gani.

Hesabu yenyewe si ngumu kuieleza. Mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa kila kimoja hupewa alama mbili, jumla nane. Kila alama ni ya mti, moto, udongo, metali au maji. Mnajimu anatazama ipi imezidi na ipi imekosekana. Mwaka pekee hata wewe unaweza kuukisia: mwaka wa Kichina unaoanza ndani ya mwaka wetu unaoishia na 0 au 1 ni wa metali, kwa hiyo wengi wa waliozaliwa 2000 na 2001 wanayo walau kidogo. Msomaji aliyekulia pwani atakumbuka jamaa ya hesabu hii. Kwetu nyota ya mtu hutafutwa kwa kuhesabu herufi za jina lake na la mama yake, kisha huambiwa ni ya moto, ya udongo, ya upepo au ya maji. Metali haimo katika orodha yetu. Kwa nini imo katika yao?

Jibu linaanzia kwenye neno. Vitabu vingi huandika kwamba Wachina wana "elementi tano", kana kwamba ni vitu vitano vilivyofinyangwa kuwa dunia. Lakini neno lao ni wuxing, na xing maana yake ni kwenda. Ni mwendo, na pia ni mwenendo. Kiswahili kinatufaa hapa, kwa kuwa maneno hayo mawili tunayo na yametoka mzizi mmoja. Wuxing ni miendo mitano. Mti ni mwendo wa kuchipua, moto wa kupanda, udongo wa kupokea na kulea, maji wa kushuka na kujificha. Metali ni mwendo wa majira ya majani kupukutika: kukata, kukusanya, kukausha, kufunga hesabu ya mwaka. Upande wake ni magharibi, rangi yake nyeupe, ladha yake ukali, kiungo chake mapafu, hisia yake huzuni.

Miendo hii inazaana na kushindana. Mti hulisha moto, moto huacha majivu yanayokuwa udongo, udongo huzaa metali, metali huzaa maji, maji huotesha mti. Kwa upande wa pili, metali hukata mti na moto huyeyusha metali. Si kila Mchina aliyaamini haya. Katika karne ya kwanza, mwanafalsafa Wang Chong aliuliza: ikiwa jogoo ni wa metali na sungura ni wa mti, na metali inaushinda mti, mbona hatuoni jogoo wakiwadonoa sungura? Swali hilo lina karibu miaka 2,000 na bado halijazeeka.

Pamoja na hayo, kwa karne nyingi miendo mitano ilihusu zaidi dola kuliko mtu mmojammoja. Katika karne ya 3 KK, Zou Yan alifundisha kwamba kila utawala una mwendo wake, na unaanguka zamu ya mwendo mwingine ikifika. Qin ilipoiunganisha China mwaka 221 KK ilijitangaza kuwa ya maji, ikachagua rangi nyeusi. Na yale mambo ya kuvaa, kula na kuelekea upande fulani yalikuwa masharti ya mfalme. Kitabu cha kale cha adabu, Liji, kina sura inayompangia mtawala maisha yake mwezi kwa mwezi. Majani yakianza kupukutika, akae katika vyumba vya magharibi, avae nyeupe, gari lake livutwe na farasi weupe. Huo pia ndio wakati wa kukarabati magereza na kuanza kutoa adhabu kali. Chini ya utawala wa Han, hukumu za kifo kwa kawaida zilingoja majira hayo na ya baridi. Metali ya mfalme ilikuwa upanga wake, na kalenda ilimwambia lini auache alani.

Hesabu ya mtu binafsi ilikuja baadaye. Namna yake inayotumika hadi leo, inayoanzia kwenye siku ya kuzaliwa, inahusishwa na jina la Xu Ziping wa zama za Song. Hapo ndipo mkulima na mfanyabiashara walipoweza nao kuambiwa wamepungukiwa nini. Wazazi wakaanza kuziba pengo kwa jina: katika hadithi ya Lu Xun ya mwaka 1921 kuhusu kurudi kijijini kwao, kuna kijana anayeitwa Runtu, na tu ni udongo, kwa sababu udongo ulikosekana katika alama zake. Udongo ule wa jina haukumfaa kitu. Msimulizi anapokutana naye ukubwani, anamkuta mtu aliyechoshwa na njaa, kodi na wingi wa watoto.

Kuna utawala mmoja ambao jambo hili lilikuwa hatima yake. Mwaka 1115, Wajurchen wa kaskazini-mashariki, wakiongozwa na Aguda, walianzisha dola wakaiita Jin. Neno hilo ni metali, na ni dhahabu pia. Historia rasmi ya dola hiyo inasimulia sababu: majirani na mabwana wao wa zamani, Liao, walijiita kwa jina la chuma, na chuma ni kigumu lakini huharibika, jin haiharibiki. Tena rangi ya jin ni nyeupe, na ukoo wa Aguda uliitukuza rangi nyeupe. Katika miaka 12 walikuwa wameiangusha Liao na kuiteka Kaifeng, mji mkuu wa Song.

Ushindi ule ukaleta swali. Jina lilisema metali, lakini Song waliofukuzwa kusini walijihesabu kuwa wa moto, na anayerithi moto kwa kuzaliwa ni udongo. Mwaka 1202 mfalme akaamua: Jin ni ya udongo. Tusiwacheke. Waliokuwa wakibishana walijua kwamba wanajadili haki ya kutawala, yaani kama dola ya wageni inaweza kuitwa mrithi halali wa zile zilizoitangulia. Miendo mitano ndiyo ilikuwa lugha ya kikatiba waliyokuwa nayo.

Mwaka 1214 swali likafunguliwa upya. Wakati huo Wamongolia wa Genghis Khan walikuwa wamekwisha kuivamia nchi na kuuzingira mji mkuu, Zhongdu, ulipo Beijing leo. Maofisa waliombwa maoni kwa maandishi, na maandishi hayo tunayo. Wengine walitaka metali irudi, kwa hoja kwamba Jin inairithi Tang iliyokuwa ya udongo. Wengine wakasema udongo ubaki. Hoja zao ni za kisomi, zimepangwa vizuri, zinanukuu mifano ya miaka elfu. Hazikubadili kitu. Kabla mwaka haujaisha mfalme alikuwa amehamia kusini, Kaifeng, na mwaka 1215 Zhongdu ikaanguka.

Kaifeng nayo ikafikiwa mwaka 1232. Metali haikukosekana mjini humo. Walinzi walirusha mabomu ya chuma yaliyojazwa baruti, yaliyopewa jina la ngurumo ya kutikisa mbingu, na ni miongoni mwa silaha za kwanza za aina hiyo zinazotajwa katika vita vyovyote. Mji haukutekwa mara ile. Wamongolia walilegeza mzingiro baada ya mapatano. Kisha watu wakaanza kufa.

Ndani ya kuta alikuwamo tabibu aliyeitwa Li Gao, mwenye miaka zaidi ya 50. Alizaliwa mwaka 1180 katika familia tajiri ya Zhending. Mama yake alipougua, matabibu walikuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina lake la ugonjwa, na mama akafa pasipo yeyote kujua alikuwa na nini. Kijana akaenda kujifunza kwa Zhang Yuansu, mmoja wa matabibu wakubwa wa wakati ule, akilipa kwa mali ya nyumbani kwao.

Aliyoyaona Kaifeng aliyaandika miaka 15 baadaye. Mji ulikuwa na malango 12. Kwa maelezo yake, kila lango lilitoa maiti wasiopungua 1,000 kwa siku, siku nyingine 2,000, kwa karibu miezi mitatu. Hata ukiigawa hesabu hiyo kwa mbili au tatu, bado ni mji unaojizika wenyewe. Wenzake walitibu kwa kanuni waliyoizoea: homa ni adui aliyeingia kutoka nje, baridi au upepo, basi mgonjwa atoleshwe jasho, aharishwe, adui atoke. Wagonjwa walizidi kufa.

Li Gao akauliza swali la kawaida kabisa: hawa watu wote wameshikwa na upepo siku moja? Akatazama walivyoishi. Miezi ya kula bila mpango au kutokula. Kazi ngumu kutani. Hofu. Kulala kwenye baridi. Kisha mzingiro ulipolegea, matumbo yaliyokwisha kudhoofika yakashindiliwa chakula kwa mara moja. Adui hakuwa ametoka nje, akasema. Wameumia ndani.

Ili kulieleza hilo alitumia miendo ileile mitano. Katika mwili metali ni mapafu: pumzi, sauti, ngozi inayotukinga. Udongo ni tumbo na wengu, mahali chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu. Kanuni ya kale ya tiba ilikuwa imekwisha kusema kwamba mtoto akiwa dhaifu, mlishe mama yake. Udongo ndio mama wa metali. Katika kitabu chake kuhusu wengu na tumbo, cha mwaka 1249, Li Gao alifundisha kwamba udongo ukidhoofika, mapafu ndiyo ya kwanza kuumia. Kwa hiyo kumwaga jasho la mtu mwenye njaa ni kumwibia mara ya pili. Mpe chakula cha moto, kidogo kidogo, kwa wakati wake. Mpumzishe. Mtoe wasiwasi. Mchanganyiko wake wa mizizi wa kuinua tumbo bado unauzwa katika maduka ya dawa za Kichina.

Sisemi kwamba wengu huzaa mapafu. Ninachosema ni kwamba ndani ya miaka 18 dola moja iliyoitwa Metali ilijaribu kuimarisha metali kwa njia mbili. Ikulu ilishughulikia alama: tuitweje, tuvae rangi gani, tunamrithi nani. Tabibu alishughulikia mwenendo: umekula nini, umelala wapi, unaogopa nini. Wote walitumia nadharia moja na maneno yaleyale. Njia ya kwanza iliacha faili la hoja nzuri. Ya pili iliacha namna ya kumtazama mgonjwa, na sehemu yake moja tunaweza kuithibitisha bila nyota yoyote: kifua kikuu humpata kwa urahisi zaidi mtu ambaye lishe yake ni duni.

Ndiyo maana ushauri wa leo unanigusa zaidi ya nilivyotarajia. Ukiusoma tena orodha yake utaona kwamba njia zote mbili zimo, zimechanganywa: bangili ya fedha imewekwa ubavuni pa kulala mapema, rangi ya shati ubavuni pa pumzi na chakula. Sokoni, nusu moja ndiyo inayouzika. Bangili ina bei, shati lina bei. Kulala mapema hakuna anayekulipisha. Na sisi wanafunzi tunajua upande upi ni mwepesi. Nawafahamu watu wanaoweza kukutajia nyota yao, mwezi wao na rangi yao ya bahati, ilhali wamepiga pasi ndefu tangu jana, hawajalala usiku mbili kwa ajili ya tasnifu, na wanajiuliza kwa nini hawana msimamo wala uwezo wa kukata shauri. Wanatafuta wamepungukiwa nini mbinguni.

Li Gao angewauliza wamekula saa ngapi. Alikufa mwaka 1251, dola ya Jin ikiwa imekwisha kutoweka tangu 1234. Mtu ambaye programu ya simu imemwambia amepungukiwa metali anaweza kuanza alipoanzia tabibu yule, kwa udongo: sahani ya chakula cha moto, iliwe mchana, kwa wakati wake, na mtu wa kula naye.