Fedha Yenye Fedha Ndani

Nyanya alinipa kopo la zamani la maziwa ya unga, limefungwa kwa kipande cha leso. "Chukua, mwanangu," akasema. "Hii si karatasi. Hii ni fedha."

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, karo imekwama, mitihani iko mlangoni. Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu kumi na nne: shilingi kumi na moja zenye picha ya simba, rupia mbili, na moja kubwa yenye sura ya mama mnene, imechomelewa kitanzi juu kana kwamba iliwahi kuning'inia kwenye mkufu. Nyanya aliirithi hiyo kubwa kwa mamake. Aliiita riale.

Usiku huo nilikaa na ndimu na majivu nikazisugua zote hadi zikang'aa. Kesho yake nikaenda Mji wa Kale, Mombasa, kwa sonara mmoja mzee. Nikampa shikamoo, nikamwaga sarafu mezani kwake. Akazitazama, akanitazama.

"Nani amezisugua hizi?"

"Mimi."

"Basi umeosha na bei yake. Anayenunua sarafu ya kale anautaka ule weusi wake. Sasa zimebaki chuma tu."

Akazipima moja moja. Akaweka mafungu, halafu shilingi nne akazisukuma zikarudi upande wangu. "Hizi hazina fedha."

"Lakini ni shilingi kama hizo zingine!"

"Shilingi ni shilingi," akasema. "Fedha ni fedha."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku hiyo. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Fedha ni madini, ile silva ya kufanyia bangili. Fedha pia ni pesa, ile tunayoitafuta kila asubuhi. Kuna wakati hapa Pwani vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja kweli. Mtu yeyote anayetaka kununua sarafu ya dhahabu au fedha leo, iwe ni kukusanya au kuwekeza, aanze kwa kujua vilitengana vipi.

Tuanze na yule mama mnene. Anaitwa Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyekufa mwaka 1780. Sarafu yake ina gramu 28 hivi, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.4. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ethiopia walikuwa wameizoea kiasi kwamba hawakutaka nyingine. Walikagua lulu za taji na za pambo lake la begani, wakapapasa maandishi yaliyoinuka ukingoni, maana ukingo wa namna hiyo ni vigumu mtu kuukwangua akaiba madini. Ikikosa alama moja, wanaikataa. Ndiyo maana viwanda viliendelea kuitengeneza na mwaka uleule, 1780, hata baada ya mwenyewe kuoza kaburini. Vienna walitengeneza. Mwaka 1935 Mussolini akapata mihuri yake, akijiandaa kuivamia Ethiopia. Baadaye zikatengenezwa London, Paris, Brussels na hata Bombay. Zote zimeandikwa 1780.

Karne ya 19, bei ya pembe za ndovu, ya karafuu, na ya binadamu wenzetu waliouzwa sokoni Unguja ilitajwa kwa riale hizi. Nikiishika ya nyanya, hilo pia nalishika. Uzuri wake haujanisahaulisha mikono iliyopita.

Kwa mnunuzi, riale ina somo moja: mwaka ulioandikwa kwenye sarafu si umri wake. Mtu akikuuzia "sarafu ya miaka zaidi ya 240" kwa bei ya kukata na shoka, mwulize ilitengenezwa wapi. Riale ziko mamilioni duniani. Nyingi zina thamani ya fedha iliyo ndani na nyongeza kidogo tu. Hiyo si aibu. Kwa anayetaka madini kwa bei ya madini, ni sarafu nzuri.

Rupia ilitoka India. Hata neno letu "pesa" lilivuka bahari kutoka huko, kwa paisa, sarafu ndogo ya rupia. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyopewa kibali cha kutawala eneo hili, Imperial British East Africa Company, ilitengeneza rupia zake Birmingham, zikaandikwa MOMBASA. Kampuni ikaporomoka, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi. Reli ilipoanza kujengwa mwaka uliofuata, vibarua walilipwa kwa rupia za India.

Sasa shika kalamu, hapa ndipo ile fedha ilipoanza kuyeyuka. Rupia ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na fedha safi ilikuwa kama gramu 10.7. Vita vya Kwanza vya Dunia vikapandisha bei ya fedha. Rupia, ambayo kwa miaka ilibadilishwa kwa shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, ikapanda hadi ikapita shilingi 2. Walowezi wakalia. Kahawa yao waliuza London kwa pauni, lakini mishahara na madeni yao hapa yalikuwa ya rupia. Mwaka 1920 serikali ikaifunga rupia kwenye shilingi 2, ikaleta sarafu mpya, florini.

Florini ilichukua nafasi ya rupia, moja kwa moja. Uzito uleule. Lakini fedha ndani yake ilikuwa nusu tu ya uzito huo, gramu 5.8. Haikumaliza hata miaka miwili, ikaja shilingi ya simba, mbili kwa florini moja. Kila shilingi ina gramu 7.8 hivi, na fedha ni robo, kama gramu 1.9. Yaani thamani ileile ya dukani iliyokuwa na gramu 10.7 za fedha ikawa na 5.8, kisha 3.9. Mfalme ni yuleyule, kijana wa watu anaenda dukani na sarafu inayong'aa vilevile.

Kisha ikafika sifuri. Wakati wa Vita vya Pili Uingereza ilikopa fedha nyingi kutoka Marekani, na ilipaswa kuzirudisha. Mwaka 1947 ikaacha kutia fedha kwenye sarafu zake za nyumbani, na shilingi zetu za kuanzia 1948 zikawa za shaba na nikeli. Kuna njia rahisi ya kuzitambua. Hadi 1946, maandishi yanamtaja George kama mfalme na pia maliki wa India. Kwenye zile za 1948 India imeshajitawala na cheo hicho hakipo. Kama mfalme bado ana India, shilingi yako ina fedha. Kama ameipoteza, usijisumbue na mizani.

Zile nne za nyanya zilikuwa za baada ya 1948.

Nikapiga hesabu nyingine njiani: riale moja ina fedha sawa na shilingi kumi na mbili za simba, zile nzuri. Nyanya alikuwa na kumi na moja. Kopo zima, ukiondoa zile nne, lilikuwa na gramu 58 hivi za fedha. Kwa bei ya wakati huo haikufika elfu kumi. Karo ya muhula ilikuwa mbali sana.

Na dhahabu je? Kama kuna sarafu ya Afrika Mashariki inayowakosesha wakusanyaji usingizi, ni rupia 15 ya Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa huko Tanganyika, hakuna meli inayoleta pesa. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakaingia karakana ya reli mjini Tabora, wakatengeneza sarafu ya tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Ina gramu 7.17, na robo tatu ndiyo dhahabu, yaani gramu 5.4 hivi. Zilitengenezwa 16,198 peke yake, kisha Wabelgiji wakauteka mji Septemba mwaka huohuo. Bei yake leo ni mara nyingi zaidi ya dhahabu iliyo ndani. Unalipia vita, karakana na uchache. Ndiyo maana pia za bandia zimejaa. Wajerumani hao hao, kwa njia, ndio waliotuachia neno "hela", kutoka Heller, senti ya rupia yao.

Linganisha na Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza 1967. Ina uzito wa gramu 33.9, na dhahabu safi ni aunsi moja, gramu 31.1. Haijaandikwa hata thamani, kwa sababu bei yake ni bei ya dhahabu siku hiyo, na nyongeza kidogo. Ziko nyingi mno. Hakuna atakayekusimulia hadithi ya Krugerrand yake, lakini karibu kila muuza dhahabu duniani anaijua na ataipokea.

Kwa hivyo nikiulizwa na wenzangu mtaani wanunue ipi, nawarudisha kwa yule sonara. Kwanza ujue unanunua fedha gani, madini au hadithi. Ukitaka madini, chagua sarafu ya kawaida inayojulikana, hesabu gramu safi, zidisha kwa bei ya soko, na ukikuta nyongeza ni kubwa, ondoka. Ukitaka hadithi, nunua ile unayoijua wewe mwenyewe, kwa mtu atakayekubali uipime, na usiisugue, tafadhali. Usilipie hadithi ukidhani umenunua madini. Hapo ndipo watu wanapolia, hasa jiji kama Nairobi ambako dhahabu feki ina maofisi na walinzi. Na kabla hujatoa pesa, jiulize nani atakayeinunua kwako siku umekwama. Mimi nilijiuliza nikiwa nimeshakwama.

Rupia mbili na shilingi saba nilimwachia sonara. Aliitaka riale pia, akaniambia kitanzi kimeiharibu kwa wakusanyaji lakini fedha yake iko palepale. Nikakataa. Nilichopata kililipa kodi ya chumba mwezi mmoja. Karo haikulipwa, na mimi sikurudi darasani.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia nyanya kwamba zile nne hazikuwa na kitu. Nilimweleza yote, ya mfalme na India. Akachukua moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii nilipewa na baba," akasema. "Alikuwa kuli bandarini. Alikuwa akirudi jioni anainama niitoe mwenyewe kwenye mfuko wa shati."

Akazirudisha koponi zote nne, akaweka riale juu yake, akafunga leso.

"Wewe hukuelewa," akaniambia. "Mimi nilikwambia hii ni fedha. Sikukwambia zote ni za kuuza."