NCHI JIRANI: LUGHA YA WAYA NA LUGHA YA MPAKANI



Tarehe 22 Januari, 1879, chini ya mlima wa Isandlwana huko Afrika ya Kusini, jeshi la Wazulu liliwashinda vibaya askari wa Kiingereza waliokuja na bunduki na mizinga. Habari za kushindwa huko zilifika London tarehe 11 Februari, yaani karibu wiki tatu baadaye, kwa sababu wakati ule hapakuwa na waya wa simu ya maandishi uliofika Afrika ya Kusini, na sehemu ya safari habari ilibidi ziende kwa meli. Watawala wa Uingereza hawakuingoja aibu ya pili. Kabla ya mwaka kwisha, waya ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kutoka Unguja hadi Msumbiji, na kutoka huko hadi Durban.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu kinajibu swali ambalo siku hizi huulizwa na watu wengi: kwa nini Kiingereza kimekuwa lugha ya wote katika mtandao wa intaneti? Wako wanaodhani kwamba ni kwa sababu Kiingereza ni lugha bora kuliko nyingine, au kwamba ndicho pekee kinachoweza kubeba elimu ya kisasa. Historia haisemi hivyo. Historia inasema kwamba lugha ya waya huwa ni lugha ya yule aliyeulaza waya.

Intaneti nayo ilizaliwa katika mikono ya wanajeshi. Mtandao wa kwanza wa kompyuta uliokuwa mzazi wake, ulioitwa ARPANET, uligharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Tarehe 29 Oktoba, 1969, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ilijaribu kupeleka neno moja la Kiingereza, lenye maana ya kuingia kazini, kwa kompyuta nyingine iliyokuwa Stanford. Herufi mbili za mwanzo, L na O, zilifika salama. Ya tatu haikufika, mtambo ukazimika. Hivyo ujumbe wa kwanza wa mtandao huo ulikuwa nusu ya neno, na nusu hiyo ilikuwa ya Kiingereza.

Hata kabla ya siku hiyo, mlango ulikwisha chongwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha yao ya kuipa kila herufi namba yake, na orodha hiyo ilikuwa na nafasi 128 tu. Herufi za Kiingereza zilienea zote. Alama ambazo Wafaransa huziweka juu ya herufi zao hazikupata nafasi. Hati ya Kiarabu haikupata nafasi. Hati ya kale ya Ethiopia, inayoandika Kiamhari, haikupata nafasi, na iliingizwa katika orodha mpya ya dunia nzima mwaka 1999 tu. Majina ya nchi katika anwani za intaneti yalianza kuandikwa kwa hati ya Kiarabu mwaka 2010.

Lakini tazameni jambo moja la ajabu. Kiswahili, kama tunavyokiandika leo kwa herufi za Kirumi, hakina alama yoyote ambayo mtambo ule wa Wamarekani ungeikataa. Tangu siku ya kwanza kingeweza kupita mlango ule bila kuinama. Basi, ikiwa Kiswahili ni kichache katika mtandao, kosa si la mtambo. Ni letu sisi tulioufikia mlango ulio wazi tukaendelea kubisha hodi kwa lugha ya mwingine.

Mkondo huu wa lugha umezitikisa hata serikali za nchi jirani.  Mabadiliko sasa huja kwa miaka michache. Mwaka 2008 Serikali ya Rwanda iliamua kwamba shule zake ziache kufundisha kwa Kifaransa na zifundishe kwa Kiingereza. Sababu zilizotajwa zilikuwa biashara, elimu na ushirikiano na majirani, ingawa hapana shaka kwamba kuharibika kwa uhusiano na Ufaransa baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nako kulikuwa na uzito wake. Walimu waliofundisha kwa Kifaransa maisha yao yote wakawa wanafunzi tena. Mwaka 2011 watoto wa madarasa matatu ya kwanza walirudishiwa Kinyarwanda; mwaka 2019 ukatolewa uamuzi wa kuwarejesha kwenye Kiingereza. Burundi nayo ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi mwaka 2014, na Sudani ya Kusini ilikichukua ilipopata uhuru mwaka 2011.

Katikati ya miaka hiyo, mwezi Julai 2009, waya mpya wa mawasiliano uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam na Mombasa. Ilikuwa imepita miaka 130 tangu ule waya wa Unguja. Safari hii waya ulibeba sauti, picha na maandishi ya dunia nzima, na kutoka pwani ukaendelea hadi kwa wenzetu wasio na bahari.

Je, askari anahusika vipi na habari hizi? Anahusika sana. Taarifa za wahalifu wanaovuka mipaka hupita katika mtandao wa Interpol, ambao lugha zake rasmi ni Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kiarabu. Vitabu vya mitambo, ramani na hali ya hewa, vingi huandikwa kwa Kiingereza. Askari asiyekijua atasomewa na mwenziwe, na anayesomewa huamini anachoambiwa. Kwa hiyo kukijifunza Kiingereza si kujidhalilisha, ni kujipatia silaha ya kazi.

Hata hivyo, silaha moja haitoshi vita vyote. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha Brigedi Maalumu huko Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Askari wa mataifa hayo matatu walihitaji Kiingereza ili waelewane wao kwa wao. Lakini mama wa Goma anayekimbia na mwanawe mgongoni hasemi Kiingereza. Anasema Kiswahili, cha lafudhi yake na maneno yake, lakini ni Kiswahili. Hapo mwanajeshi wetu hakuhitaji mkalimani kumwuliza: mama, umetoka wapi, na nyuma yako kuna nini? Swali kama hilo, likiulizwa kwa lugha inayoeleweka, laweza kuokoa kijiji.

Na tusisahau fundisho la Uganda. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini tangu zama za King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Lakini raia wengi walikisikia katika kinywa cha mtu mwenye bunduki aliyekuja usiku kudai mali au kumchukua baba wa nyumba. Wakakichukia. Zilihitajika juhudi za miaka mingi kukisafisha, na ni mwaka 2005 ndipo Katiba ya Uganda ilipokitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Lugha haina hatia. Hubeba sifa ya anayeisema. Enyi wenye sare, heshima ya Kiswahili kwa majirani imo vinywani mwenu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake wa mwaka 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, mwaka 2021 iliviongeza Kiswahili na Kifaransa. Hilo ni jambo jema, lakini karatasi haisemi yenyewe. Wezi wametutangulia. Ujumbe wa kitapeli unaomfikia mwananchi katika simu yake, ukimwambia ile hela aitume kwenye namba hii, umeandikwa kwa Kiswahili safi kinachoeleweka na kila mtu. Masharti ya usalama ya vyombo anavyovitumia mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza asichokisoma. Ikiwa mwizi anasema na raia kwa lugha ya nyumbani, na mlinzi anamwonya kwa lugha ya mbali, raia atamsikia nani?

Ndugu wasikilizaji, Kiingereza ni barabara iliyojengwa na wengine, nasi hatuna budi kuipita ili tufike tunakokwenda. Hakuna sababu ya kuiogopa, wala ya kuiabudu. Lakini anayelinda mpaka analinda watu, na watu hao, huku kwetu na ng'ambo ya pili, wana lugha yao. Tuisome ile ya waya kwa bidii. Na hii ya mpakani tuiandike kwenye waya huo huo, kwa maana mlango wake haukupata kufungwa.