Upinde, sumu na dawa: silaha za Mara kabla ya bunduki

Juzi nilimkuta mdogo wangu kwenye gemu yake ya mtandaoni, ile ya mazimwi, anabishana na wenzake: upanga autie nguvu ya moto au ya sumu? Eti ukizitia zote mbili, moja inaiua nyingine. Nikacheka. Dogo, swali hilo kwetu Mara lilishaulizwa zamani, na aliyekosea hakupewa maisha mengine.

Chukua mshale wa wawindaji wa Tarime na Serengeti. Wakurya, Waikoma na Wangoreme ni watu wa upinde toka enzi. Sumu maarufu ya Afrika Mashariki hutoka kwenye miti ya jamii ya Acokanthera, msunguti kwa Kiswahili. Ikiingia kwenye damu inasimamisha moyo. Tumboni hainyonywi kirahisi, ndiyo maana nyama iliyopikwa huliwa. (Wajerumani walitumia kemikali hiyohiyo, kwa kipimo kidogo, kama dawa ya moyo. Haya!)

Sasa njoo kwenye kuoanisha. Ukipaka sumu nene sana, mshale hauzami vizuri, hivyo unahitaji upinde mgumu, na upinde mgumu unahitaji mkono wake. Ukiiacha wazi inapoteza nguvu, au inakukwaruza mwenyewe, ndiyo maana wawindaji huizungushia kipande cha ngozi hadi saa ya kazi. Halafu mnyama haanguki palepale, kwa hiyo lazima ujue kufuata nyayo. Sumu bila miguu ni nyama ya fisi.

Na dawa? Hapo ndipo penye utamu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 tumevisoma wote shuleni: maji yalikuja na masharti, na mtu akipigwa risasi ilisemwa kavunja sharti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sungusungu walipoibuka Usukumani na Unyamwezini kupambana na wezi wa ng'ombe, walishika pinde na mishale, wakala viapo, wakatumia dawa za kinga. Mimi naona kiapo ndicho kilichofanya kazi. Mtu aliyeapa mbele ya kijiji kizima hakimbii peke yake.

Kilichovuruga hesabu yote ni bunduki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo Wakurya wengi walipigana wakiwa jeshini, silaha za kivita zikaingia kwenye wizi wa mifugo Tarime. Wizi uliokuwa wa vijana kutafuta mahari ukawa biashara inayovuka mpaka wa Kenya. Sungusungu walitambuliwa kisheria mwaka 1989, na walipofika Tarime katikati ya miaka ya 1990 walikuja na mkono wa serikali zaidi kuliko wa mganga.

Babu yetu alikuwa na upinde juu ya mlango. Usiku ule waliokuja walikuwa na bunduki, na hakuushusha. Asubuhi zizi lilikuwa tupu, upinde uko palepale. Bibi alimlaumu kwa miaka. Mimi nashukuru hakuugusa, maana nisingemkuta hai anifundishe kuuvuta.

Mdogo wangu, kwa taarifa yenu, alichagua sumu.