Herufi Moja, Miaka 39: Kisa cha Swichi ya Ras

Leo naweka kando mambo ya PHP na MySQL niwasimulie kisa cha hitilafu iliyowashinda wataalamu kwa miaka 39. Haiko kwenye kompyuta. Iko ndani ya seli za binadamu, na inaua watu.

Nikiri kwanza. Chuoni nilikuwa na rafiki aliyesomea biokemia, na nilipenda kumtania: "Si mnajua mstari wenye kosa? Urekebisheni basi!" Sisi watu wa kompyuta ndivyo tunavyofikiri. Kazi ni kulipata kosa; kulirekebisha ni dakika tano. Historia ya Ras ilinionyesha nilivyokosea.

Tuanze mwaka 1964. Jennifer Harvey, akiwa London, aliona kwamba virusi vilivyotolewa kwa panya mkubwa mwenye leukemia vilileta sarkoma, yaani saratani ya nyama na tishu laini, kwa panya wachanga. Mwaka 1967 Werner Kirsten akaelezea virusi vingine vya aina hiyo kule Marekani. Jina Ras likatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya sarkoma ya panya. (Kwa hiyo Marasta hawahusiki!)

Miaka ya 1970 Edward Scolnick na wenzake wakagundua jambo la ajabu: jeni hiyo haikuwa ya virusi. Virusi viliinakili kutoka kwa seli za panya. Yaani ule msimbo hatari ulitoka kwenye mfumo wenyewe.

Halafu ukaja mwaka 1982. Maabara tatu za Marekani, za Robert Weinberg, Mariano Barbacid na Michael Wigler, zilikuwa zikishindana kutafuta jeni ya saratani kwenye seli za binadamu mwenye saratani ya kibofu cha mkojo. Wote waliikuta Ras. Wakailinganisha na ile nzima, herufi kwa herufi. Tofauti ilikuwa moja tu: mahali penye GGC palisomeka GTC. Herufi moja kati ya takriban bilioni 3! Kwa sababu hiyo asidi amino ya 12 ya protini hiyo ilibadilika kutoka glisini kuwa valini.

Sasa herufi moja inaletaje balaa? Ras ni swichi. Ikishika molekuli iitwayo GTP imewaka, na seli inaambiwa ikue na igawanyike. GTP ikikatwa kuwa GDP, swichi inazima. Ningeiandika hivi:

ishara ya kukua ikija: toa GDP, shika GTP // WASHA
GAP ikija: kata GTP iwe GDP // ZIMA

GAP ni protini msaidizi, kwani Ras ikiachwa peke yake hukata GTP polepole mno. Mwaka 1987 Meg Trahey na Frank McCormick walionyesha kwamba GAP huizima Ras ya kawaida, lakini ile yenye kosa haisikii. Mstari wa pili umekufa. Seli inaendelea kuambiwa "kua, kua, kua".

Na Ras haiko peke yake. Binadamu ana protini ndogo za ukoo huu zaidi ya 150, zote zikitumia wazo lile lile la GTP na GDP. Mwaka 1992 Anne Ridley na Alan Hall walionyesha kwamba ndugu zake, Rho na Rac, hupanga nyuzi zinazoipa seli umbo na kuiwezesha kutembea. Rab huelekeza mizigo ndani ya seli. Ni kama fankisheni moja nzuri iliyonakiliwa kila mahali. Ukitaka kuigusa moja, uangalie usivunje nyingine.

Basi kosa lilijulikana tangu 1982. Kwa nini lisirekebishwe? Ras huing'ang'ania GTP kwa nguvu nyingi sana, na GTP imejaa ndani ya seli, kwa hiyo dawa haiwezi kuisukuma itoke. Tena uso wa Ras ni laini, hauna shimo la wazi ambapo dawa ingejishika. Miaka ya 1990 watu wakajaribu njia ya pembeni: kuzuia kimeng'enya kinachoipa Ras mkia wa mafuta wa kujibandikia kwenye utando wa seli. Kwenye maabara ilipendeza. Kwa wagonjwa ikafeli, kwa sababu KRAS, ndugu anayeongoza kwa kusababisha saratani, alipofungiwa mlango huo alipewa mkia mwingine na kimeng'enya kingine. Njia ya akiba!

Mwaka 2013 kikundi cha Kevan Shokat, San Francisco, kilishughulikia kosa moja tu, G12C, ambapo glisini imekuwa sisteini. Sisteini ina salfa inayoweza kunaswa na dawa. Walikuta kishimo kilichojificha, kinachofunguka Ras ikiwa na GDP, yaani ikiwa imezima. Na ikaja kuonekana kwamba G12C haijakwama kabisa. Bado huzima kwa vipindi vifupi. Dawa inaivizia hapo na kuifungia chini.

Mei 2021 Marekani iliidhinisha sotorasib kwa saratani ya mapafu yenye G12C. Uvimbe ulipungua vya kutosha kwa takriban asilimia 37 ya wagonjwa wa jaribio, lakini kwa kawaida ugonjwa uliendelea tena baada ya miezi kama 7. Seli hutafuta njia nyingine. Na saratani ya kongosho, ambayo karibu yote ina kosa la KRAS, mara nyingi hubeba makosa mengine, si G12C.

Kwa hiyo rafiki yangu, ukisoma hapa, niwie radhi. Mimi nikikosea, nafungua faili na kubadilisha herufi. Ninyi faili lenu linaendelea kufanya kazi ndani ya mtu aliye hai, na haliwezi kuzimwa hata dakika moja.