Nukta

Kutoka gati la Mtangawanda unafika Siyu, mji uliosifika kwa kunakili misahafu karne ya 18 na 19. Wanakili wake waliijua nukta: katikati ya neno, moja chini husomwa b, ikipanda juu husomwa n.

Wanafizikia nao wana nukta ya kwanta, kijisehemu kidogo mno kinachonasa elektroni moja moja. Huiweka jirani na niobiamu diselenaidi, fuwele inayobanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa. Ikipozwa hadi karibu nyuzi 266 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila ukinzani wowote, elektroni zikienda jozi jozi. Nukta hupokea moja, jirani adai mbili! Mvutano huo huzaa viwango vipya vya nishati, navyo hupimika.

Walimu, msiseme “doti”. Andikeni nukta.