Ukuta wa Nje ni wa Nani?

Bibi yangu ana hoja moja ambayo mpaka leo sijaweza kumjibu. "Wahindi walitoboa ukuta wakauza vitambaa, wakaitwa matajiri. Mimi nikitoboa niuze maandazi, naambiwa naharibu historia!"

Aliyasema hayo siku alipokuja bwana mmoja wa ofisi, mstaarabu kabisa, daftari kwapani, akaukuta mstari wa chaki aliouchora fundi kuonyesha mlango wa duka utakapopita. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika kichochoro ambacho mikokoteni miwili haipishani. Huku huwezi kutoboa ukuta wa nje, kubadili dirisha, kung'oa mlango wala kupandisha ghorofa mpaka upate kibali. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, sheria ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi ukuta wa bibi si wa bibi peke yake tena. Dunia nzima ina hisa humo, ingawa sijaiona dunia ikichangia pishi moja ya chokaa.

Nilianza kusoma mambo haya ili nimtetee bibi. Nikakuta kweli, hoja yake ina mizizi. Nyumba za kale za Waarabu hapa mjini ziliupa mtaa mgongo: kuta nene, nyeupe, pambo lote likawekwa mlangoni, na maisha yenyewe yakawa ndani, uani. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, wafanyabiashara wa Kihindi wakaleta mtindo mwingine, chini duka linalotazama njia, juu makaazi, na roshani za mbao zenye nakshi. Nyumba nyingine kongwe nazo zikafunguliwa upande wa njiani zikawa maduka. Mapaa yaliyokuwa bapa yakavikwa mabati. Mtalii anayepiga picha leo anapiga picha ya mabadiliko matupu.

Hata Beit al-Ajaib, msomaji! Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na mnara ulisimama mbali kidogo, mbele yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikaupiga mji mizinga, kasri la jirani likavunjika na mnara ule ukaharibika. Mwaka uliofuata wakaupachika mnara mpya wa saa kwenye uso wa jumba lenyewe. Ule uso ambao sote tulikua tukiujua kuwa ndio Zanzibar, kumbe ulikuwa ukarabati wa baada ya vita.

Lakini jumba hilohilo ndilo lililonifunga mdomo. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya matengenezo, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara. Watu wawili wakafa. Jioni ile bibi hakuzungumza habari za duka. Alikaa anatazama boriti za dari yetu.

Alikuwa na sababu. Nyumba hii hatukuijenga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilitaifishwa, wenyewe wengine walikwisha kimbia, na familia zikatiwa humo, chumba hiki wale, chumba kile hawa. Babu na bibi walitoka shamba, Makunduchi, kwenye nyumba ya udongo na makuti. Nyumba ya makuti walijua kuiezeka. Hii ya ghorofa hakuna aliyewaambia inakula nini. Na nyumba ya mawe inakula, tena kila mwaka. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, upana wake karibu mkono mzima, na dari imebebwa na boriti za mikoko. (Ndiyo maana vyumba ni vyembamba: boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu.) Ukuta kama huo unakunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa jua. Chokaa inauacha upumue.

Sisi tukauziba. Mwaka 2010, nikiwa darasa la sita, baba alitafuta vijifedha akaita fundi, ukuta mzima wa mbele ukapigwa lipu ya saruji. Ulipendeza jamani! Nilijivunia skuli. Baada ya masika matatu tu lipu ikaanza kuvimba kama maandazi, ikadondoka vipande vipana, na kila kipande kikashuka na jiwe lake, nyuma yake unyevu na chumvi nyeupe. Maji yalikosa pa kutokea, yakaenda kwenye vichwa vya boriti, yakaziozesha mle mle ndani ya ukuta. Fundi hakutuibia. Alifanya tulichomwagiza.

Kwa hiyo yule bwana aliposema kutoboa mlango kwenye ukuta ule kunaweza kutuangushia ghorofa mbili, mimi nilimwamini. Bibi alimwamini pia, lakini hakukubali kunyamaza. Alimwuliza habari za Mambo Msiige, lile jumba la Shangani la karne ya 19 lililogeuzwa hoteli kubwa, hata Kamati ya Urithi wa Dunia ikahoji ukubwa wa jengo jipya lililosimamishwa ubavuni mwake. "Jina lenyewe linasema tusiige," bibi akamwambia, "basi na sisi hatuigi, tunaomba mlango mmoja tu." Yule bwana akacheka, kisha akaangalia chini. Hapo sheria na haki zilipishana, na mimi sijui kuzipatanisha. Najua tu kwamba ukuta haujali nani tajiri.

Mwaka huu tumebandua saruji iliyobaki. Chokaa tumeiloweka kwenye shimo uani miezi kadhaa, na fundi tuliyempata ni mzee anayeipiga polepole mno, mpaka mjomba anakasirika. Mstari wa chaki umefutika. Bibi amepanga meza yake ya maandazi juu ya baraza, chini ya dirisha lilelile la zamani, na yule bwana wa ofisi akipita asubuhi hununua matatu.